Kichuguu cha Mama Mkwe

Mimi nimezaliwa na kukulia Mwadui, kwenye mji wa almasi, ambako baba yangu alikuwa fundi bomba, na nyumbani kwetu mdudu alikuwa mdudu tu. Mende, mchwa, tandu, buibui, wote waliitwa mdudu na wote walitibiwa kwa ndala. Mama aliweza kumpiga mende huku anasali rozari asipoteze hata Salamu Maria moja. Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba mdudu kamili ana miguu sita. Nikanyoosha kidole nikauliza, akikatwa mmoja, anaacha kuwa mdudu? Nilimalizia somo lile nje, chini ya dirisha, na jibu sijalipata hadi leo.

Kwa hiyo nilipoolewa Nyarugusu, upande wa Geita kwenye machimbo ya dhahabu, nilifika na sanduku la mbao, vitenge vyangu na imani yangu hiyo ya ndala. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati ambao sabuni na mafuta ya kupikia tulivipangia foleni na mara nyingi foleni ikaisha kabla hatujavifikia. Mume wangu alikuwa mchimbaji. Alikuwa na meno mazuri na maneno mengi, na nilimpenda kiasi kwamba hata vumbi jekundu la nguo zake nililifua nikiimba.

Mama yake alikuwa mjane, mfupi, mwenye mvi na sauti ya kuita ng'ombe. Siku ya kwanza alinishika mkono akanitembeza: hapa jiko, kule choo, kisima kiko bondeni. Kisha akanipeleka nyuma ya jiko, palipokuwa na kichuguu kirefu kuliko mwanawe, chekundu, kimezungukwa na maboga. Akasimama mbele yake akasema, "Mwangaluka," yaani kukiamkia kwa Kisukuma. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanisubiri mpaka na mimi nikaamkia.

Kichuguu kile kilikuwa na sheria zake. Hakuna kumwaga maji ya moto karibu yake, hakuna kukojoa, na zaidi ya yote, hakuna kugombana. Mama mkwe aliamini mchwa hawavumilii ugomvi. Wakisikia watu wanazozana, wanahama na malkia wao usiku huo huo. Mwenye neno la hasira alitakiwa kulibeba mpaka upande wa pili wa nyumba, kwenye mihogo, akalisemee huko. Mume wangu na mimi, ndoa ikiwa bado mbichi, tulikuwa na ugomvi wa kila namna, na kila mara tulisimama katikati ya sentensi, tukatoka, tukazunguka jiko, tukapita banda la kuku, na tulipofika kwenye mihogo nusu ya maneno yalikuwa yamepotea njiani. Mara nyingi tulifika tukiwa tunacheka. Nimeishi katika ndoa ile miaka mingi, na ninaamini kabisa mchwa wamechangia.

Wiki ya kwanza tu mchwa walitoboa sanduku langu kwa chini na kula pindo la kitenge changu cha harusi. Nilichemsha maji sufuria nzima. Mama mkwe alinikuta nimeinyanyua.

"Hao wa sandukuni wachome utakavyo," akasema. "Wale wa kule usiwaguse."

"Mama, si ni mchwa hao hao?"

"Hawa wezi. Wale majirani."

"Utawatofautishaje?"

"Na watu unawatofautishaje?" akaniuliza, akaendelea kuchambua mlenda wake.

Sikuwa na jibu, na hilo liliniudhi, maana nilitoka Mwadui, tulikokuwa na maji ya bomba, na sikuzoea kukosa jibu. Lakini macho ninayo. Niliona kwamba maboga ya pembeni mwa kichuguu yalinenepa, ya mbali yakabaki na utapiamlo. Niliona kwamba kila kilichokufa pale nyumbani, jani, shina la mtama, kinyesi cha ng'ombe, hata mpini wa jembe uliosahauliwa shambani, kilizolewa na wale wadogo kikaingia chini, na kwamba mahali pale palipojaa matundu yao mvua ilizama, haikukimbilia bondeni na udongo wetu. Wakati wa mvua uyoga mweupe ulichipuka kiunoni mwa kichuguu, tukaupika tukala kimya, jinsi ulivyokuwa mtamu. Sakafu yetu ilisiribwa kwa udongo wake. Nilianza kuamkia bila kusukumwa.

Halafu wakaja kumbikumbi. Kwa asiyejua, kumbikumbi ni mchwa wenyewe waliopewa mbawa wakaoe mbali, na hutoka mvua zinapoanza. Mama mkwe hakuwa na subira ya kungoja mvua. Tulijenga kibanda cha fito juu ya kichuguu, tukakifunika kwa mablanketi yote ya nyumba, tukaacha mlango mdogo na chungu kimefukiwa mlangoni. Kisha yeye akawa ananyunyiza maji kwa tawi la majani, na mimi nikapewa vijiti nigonge ubao: ko, ko, ko, wasikie mvua. Kazi yetu ilikuwa kuwadanganya. Mimi nilianza vizuri, halafu mikono ikanitoroka, nikajikuta ninapiga dansi la bendi za klabu ya Mwadui, na kiuno nacho kikafuata.

"Wanataka mvua," mama mkwe akasema, "hawataki dansi."

Lakini walitoka. Walitoka kwa wingi ambao sijawahi kuuona, wakimiminika chunguni mbawa zinang'aa, na waliopenya mablanketi wakajaa hewani. Kuku walichanganyikiwa wasijue waanzie wapi. Kunguru wakashuka, mijusi wakashuka ukutani, chura mmoja alikula mpaka akashindwa kuruka. Watoto wa majirani walikuja na makopo na hakuna aliyewaalika. Mimi, niliyekuwa nakimbia panzi, nilishika kumbikumbi hai, nikang'oa mbawa, nikatafuna. Alikuwa na ladha ya siagi. Tuliwakaanga kwa mafuta yao wenyewe, mwaka ambao dukani hakukuwa na mafuta ya aina yoyote, na mume wangu alirudi kutoka machimboni akanikuta nimejipaka mafuta mpaka kwenye nyusi, nina furaha ya kijinga kabisa.

Sasa niseme lililo zito, na nitalisema haraka. Mwaka wa kwanza nilipata mimba na nikaitangaza. Nilimwambia kila mtu, kisimani, kanisani, sokoni, maana ndivyo nilivyo. Wakanipongeza wote. Ikatoka kabla haijaonekana, na wale wote niliowaambia ikanibidi niwaambie tena, mmoja mmoja. Niliumia sana. Nilijiapiza kwamba ikija nyingine sitafungua mdomo, hata kwa mume wangu, mpaka tumbo lijiseme lenyewe.

Ikaja nyingine. Nikafunga mdomo. Ila mdomo uliofungwa ukaanza kutaka kitu, na kitu chenyewe kilikuwa udongo. Sokoni uliuzwa, umechomwa vizuri, lakini mwanamke aliyeolewa akionekana ananunua udongo, ni sawa na kupanda juu ya paa akapiga tarumbeta. Na nyuma ya jiko kilikuwapo kichuguu, kimelowa umande, kinanukia. Siwezi kumweleza asiyewahi kuwa na hamu ile. Ule udongo wa mchwa ni laini, hauna mawe, wameshautafuna wao kabla yako, na una harufu ya mvua ya kwanza. Alfajiri, nikienda kisimani, nilikuwa ninapita pale, nachungulia kulia, nachungulia kushoto, nakwangua kwa kijiko, nanusa kwanza, kisha nafunga kwenye pindo la kanga. Nilikula njia nzima.

Hapo ndipo aliponiona mwenye duara. Duara ndilo shimo la wachimbaji, na huyu alikuwa mzee wa shimo walilochimba pamoja na mume wangu, mtu mwembamba anayekohoa, mwenye kofia ya pama asiyoivua. Shimo lao lilikuwa limejaa maji na kwa muda mrefu halijawapa hata chembe. Akanitazama kutoka njiani. Akaona binti wa Mwadui, mtoto wa mji wa almasi, anakwangua kichuguu kwa siri, ananusa udongo, anaukagua, anaufunga kangani. Mchimbaji wa Nyarugusu ataelewa nini hapo? Alielewa kwamba nimeona dhahabu. Akakumbuka kwamba mchwa huchimba chini kuliko duara lolote, bila jembe wala kamba, na kwamba kila wanachokikuta huko wanakipandisha juu. Kufikia jua la utosi, machimbo mazima yalijua.

Mimi sikujua kitu. Nilichoona ni kwamba watu wamebadilika. Wanaume walinipisha njiani. Mzee mmoja aliniomba kwa adabu nipite karibu na shimo lake, nipite tu, nisifanye chochote. Jioni jirani yetu, mama mnene mwenye siri za watu wote, akanivuta kisimani.

"Tumesikia una kitu," akaninong'oneza.

"Nani kawaambia?"

"Watu wana macho. Ni kikubwa?"

"Bado kidogo sana," nikasema, na machozi yakanilenga.

"Mumeo anajua?"

"Bado."

"Usimwambie mapema. Wanaume hawana subira, ataharibu. Kikitoka salama, usitusahau."

"Kikitoka salama," nikamwambia, "nitawaita wote mle pilau."

Akanikumbatia. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeguswa mno na wema wa watu wa Nyarugusu.

Siku iliyofuata, asubuhi, nilikuwa ninafagia uwanja nilipoona wanaume wanakuja na majembe, sururu na makarai ya kuoshea mchanga. Mbele yuko mwenye duara, na kando yake mume wangu, anatabasamu meno yote, ananitazama kwa mahaba ambayo hata siku ya harusi sikuyapata. Alidhani nilikuwa nimemtunzia dhahabu. Wakaamkia, "Shikamoo Mayu," yaani mama, kwa maana mama mkwe alikuwa ameshatoka jikoni, na mwenye duara akaeleza kwa heshima zote kwamba wamekuja kufungua kichuguu.

Mama mkwe akavimba kwa hasira. Alifungua kinywa, akakumbuka mahali alipo, akakifunga.

"Kama ni kugombana," akasema taratibu, "twendeni kwenye mihogo."

Na wakaenda. Ninaapa, watu wazima wenye sururu begani walizunguka jiko, wakapita banda la kuku wamefuatana, wakasimama kati ya mihogo, na hapo ndipo mama mkwe alipoachia. Aliwaambia kwamba kichuguu kimewalisha baba zao mwaka wa njaa. Aliwaambia kwamba shimo la dhahabu likiisha linabaki shimo, ng'ombe anatumbukia, na kichuguu kikivunjwa na malkia akitolewa hakuna atakayekijenga tena, si wao, si serikali. Mwenye duara akajibu kwamba Mayu asiwe na wasiwasi, watagawana. Mume wangu akawa katikati, anasema "Mama" upande huu na "mzee" upande ule. Mimi nilisimama na ufagio, bado sielewi hili jambo limetokea wapi.

Kumbe kijana mmoja hakuja kwenye mihogo. Alibaki, akajaza karai moja udongo wa chini ya kichuguu, akauosha. Tulimsikia anaita. Tuliporudi alikuwa amechuchumaa, karai limeinamishwa, na kwenye ukingo wa mchanga mweusi kulikuwa na chembe chache za njano, ndogo mno, lakini mchimbaji huziona hata usingizini.

"Mke wako alijua," mwenye duara akamwambia mume wangu. "Nimemwona mimi mwenyewe akikwangua."

Ndipo nilipoelewa. Nilielewa jirani wa kisimani, na yule mzee aliyeniomba nipite kwenye shimo lake, na yale mahaba, yote kwa mpigo mmoja, na nilitaka kucheka na kuzimia. Kisha nikamwona mama mkwe. Alikuwa ameketi chini, kwenye majani ya maboga, mikono magotini, hasemi kitu. Hakunitazama kwa hasira. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba alidhani mimi ndiye niliyewaleta na bado hakunitazama kwa hasira.

Nilikuwa na njia moja tu ya kuwarudisha wale wanaume, na njia hiyo ilikuwa kusema kile nilichojiapiza kutosema. Nilikwisha kusema mara moja, na nikakipoteza. Niliogopa.

"Mimi sichimbi," nikasema. "Mimi nakula."

Hawakunielewa. Nikafungua pindo la kanga, nikatoa bonge la asubuhi ile, nikalitia kinywani mbele ya wote, nikatafuna. Lilisikika likivunjika. Jirani yetu mnene, aliyekuja kuangalia kama kawaida yake, akashika kifua. "Kumbe ndicho hicho kitu," akasema.

Mume wangu alinitazama, akalitazama karai, akanitazama tena. "Umeshakula kiasi gani?" akauliza.

Wanaume wote wakaangua kicheko, na yeye akacheka, halafu katikati ya kicheko akaelewa kile nilichosema, akalazimika kukaa chini karibu na mama yake. Mama mkwe naye akawa ameshasimama. Sauti ya kuita ng'ombe ilikuwa imerudi.

"Haya," akawaambia. "Nani kati yenu atamnyang'anya mwenye mimba kitu anachokitamani? Aje achimbe. Mimi sitamzuia. Mtoto akizaliwa na kasoro, tutajua pa kwenda kuuliza."

Hakuna aliyesogea. Watu wanaoshuka chini ya ardhi kwa kamba iliyochakaa hawachezi na mambo ya namna hiyo. Mwenye duara alikohoa kwa muda mrefu, akasema kwamba hakuna shida, wao si washenzi, watasubiri ajifungue.

Basi nikala kwa uhuru. Mama mkwe aliniletea kwenye kisahani, umechekechwa, akaniwekea pembeni ya uji. Nyarugusu nzima ililea mimba ile. Wachimbaji waliokutana nami njiani walinitazama tumbo na kuniuliza hali kwa uangalifu mkubwa, wengine kwa ajili ya mtoto, wengine kwa ajili ya kichuguu, na sikuona haja ya kuwatenganisha. Kumbikumbi walitoka tena msimu ule, nami nikagonga ubao nimekaa kwenye kigoda, tumbo limenitangulia. Bado nilikuwa na hofu. Kila usiku nilihesabu moyoni mambo yanayoweza kuharibika, na kila alfajiri mtoto alinipiga teke nikacheka peke yangu kitandani.

Akazaliwa msichana, mzima, mwenye mapafu ya bibi yake. Mume wangu alimgeuza kwenye mwanga akimkagua kama anang'aa.

Na siku chache baadaye, hata kitovu hakijakauka, wakaja. Walikuja kwa adabu, lazima niseme. Walileta jogoo, wakasema hongera, wakamwombea mtoto, na makarai na sururu waliviacha nje ya uwanja, vimeegemezwa pamoja. Mimi nilikuwa ndani, karibu na dirisha, nanyonyesha. Asubuhi ile ile nilikuwa nimejaribu kuonja udongo, nikautema. Hamu ilikuwa imeondoka na mimba, udongo umekuwa udongo. Na uongo sijui kuusema, uso wangu hunisaliti. Mume wangu aliketi kizingitini, kichwa chini. Ahadi ilikuwa ahadi, na yeye alikuwapo ilipotolewa.

Mwenye duara akasema, "Mayu, tumesubiri kama tulivyokubaliana."

Mama mkwe akaitikia kwamba ni kweli, wamesubiri, ni waungwana. Akafuta mikono kwenye kanga. Akazunguka jiko bila haraka, na wao wakamfuata, na mimi nikahamia dirisha la nyuma na mtoto wangu. Akasimama mbele ya kichuguu. Akachungulia kulia, akachungulia kushoto, namna ile ile yangu, na hadi leo sijui alinionea wapi. Akakwangua kwa kucha, akanusa, akatia kinywani, akatafuna.

"Mayu," mwenye duara akasema, "unafanya nini?"

"Nina hamu," akasema mama mkwe.

Alikuwa mjane wa miaka mingi. Mvi zake zilionekana wazi juani. Wale wanaume walitazamana, kisha wakatazama miguu yao, na niliona kila mmoja anasubiri mwenzake aulize swali linalofuata. Nikageuka: kizingitini mume wangu alikuwa ameufunika uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika.

Mama mkwe akakwangua tena, bonge kubwa kuliko la kwanza, akalila lote akiwa anamtazama mwenye duara usoni.

Mwenye duara akavua ile kofia yake ya pama, ambayo sikuwahi kumwona bila hiyo.

"Hongera, Mayu," akasema.

"Wabeja," akajibu mama mkwe, mdomo umejaa. Yaani asante.

Wakachukua makarai yao wakaenda.